Maswali Mazuri ya Muuza Magodoro

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa leo. Meneja amerudi kutoka semina, kanyoa ndevu na kanunua kalamu yenye taa. Alitukusanya wauzaji wote katikati ya duka, kati ya magodoro ya futi sita na ya futi nne, akatuambia kwamba msimamizi wetu ameacha kazi ghafla. Nafasi yake itajazwa karibuni. Hatapewa mwenye maneno mengi, alisema. Atapewa anayejua kuuliza maswali mazuri. Kuuliza si ujinga. Swali zuri hufungua mlango ulioshinda ufunguo. Hii ya mwisho nadhani aliitoa kwenye kijitabu cha semina.

Wote wakanitazama mimi. Au mimi ndiye niliyewatazama wote, ni mamoja. Miaka tisa nimesimama kwenye sakafu ile, natandika shuka za maonyesho, nafukuza watoto wanaorukaruka kwenye bidhaa. Mpinzani nimwonaye ni mmoja tu, Bi Pole. Tunamwita hivyo kwa sababu hata nyumba ikiungua atatamka "moto" kwa kituo.

Jioni nikaanza kutunga maswali. Saba tayari! Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amehamia kwetu tangu moyo ulipoanza kumsumbua, awe karibu na hospitali. Nikamjaribia swali la kwanza: anajiona wapi baada ya miaka mitano? Akafikiri. Akasema, chini.

Jibu fupi mno. Kwenye usaili angekosa alama zote.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nilimpita baba huku nafunga tai. Shikamoo baba, umelalaje? Akasema hakulala, kifua kilimbana. Nikamwambia vizuri, nashukuru, nikatoka. Nilikuwa nimefika barabarani nilipokumbuka kwamba yeye hakuniuliza mimi nimelalaje. Uzee huo.

Dukani aliingia mama mmoja, gauni jeusi, mkoba ameukumbatia. Nikamwahi. Je, anajua kwamba binadamu hulala theluthi ya maisha yake? Je, mgongo wake unampa ushirikiano? Je, amekuja kununua godoro au amekuja kununua usingizi? Hili la tatu nililitunga bafuni. Nikamvuta hadi kwenye futi sita, nikamwonyesha jinsi watu wawili wanavyoweza kulala bila kugusana. Akaanza kulia.

Bi Pole akaja kwa mwendo wake ule. Akamuuliza nani atalala hapo. Swali la chekechea! Kisha akanyamaza, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kimya kikawa kirefu hadi mimi nikaona aibu. Mama akasema ni yeye peke yake, sasa. Wakakaa wote wawili ukingoni mwa futi tatu na nusu, wakazungumza hadi nikachoka kuwatazama. Akauza. Na mto juu yake. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, wahenga walisema, lakini leo mimi nimeilalia na magodoro yote yale.

Habari njema ni moja. Mke wangu alimpeleka baba kliniki, na daktari amemwondolea masharti yote. Ale anachotaka, afanye anachotaka. Nikamuuliza mke wangu kwa nini basi ana uso ule. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi na baba. Nikamuuliza: kama angepewa nafasi ya kufanya jambo moja tu, lingekuwa lipi? Akatazama nje muda mrefu. Akasema angependa afikishwe kwenye tanuri la zamani la matofali, ng'ambo ya mto, alikofanya kazi ujanani. Kuna mtu huko.

Swali limefanya kazi! Nimeliwekea nyota. Nikamwambia watu wapo kila mahali, hata mtaani hapa wapo tele, nikaenda haraka kwenye swali linalofuata kabla sijalisahau. Udhaifu wake mkubwa ni upi? Akasema kiburi. Ikabidi nimweleze kwamba kwenye usaili mtu hasemi udhaifu wa kweli, husema tatizo lake ni kufanya kazi kupita kiasi. Akacheka hadi akakohoa. Ni muda sijamwona baba akicheka. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana, nikamshika bega. Amekuwa mwembamba humo ndani ya shati.

Wakati wa kula mke wangu akasema tumpeleke mzee huko tanurini Jumapili. Alijitolea kumpeleka mwenyewe, lakini baba kamwambia hilo si jambo la kwenda na mkwe, atakwenda na mwanawe. Mke wangu akanitaka nimuulize ni nani huyo anayemtaka. Nikamkumbusha kwamba tanuri lile lilizimwa zamani, huko hakuna wa kuonwa ila vichuguu. Na usaili ni Jumatatu. Tutakwenda nikishapata cheo, tena kwa gari la kukodi. Haraka haraka haina baraka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamua kumwibia Bi Pole mbinu. Vita ni vita.

Akaingia bwana mmoja mwenye suti, na mwanamke aliyevaa miwani mikubwa. Nikawasogelea taratibu, nikamuuliza yule bwana nani atalala hapo. Kisha nikaweka mikono nyuma, nikanyamaza, nikamtazama yule mwanamke usoni. Nikasubiri. Mwanamke akavua miwani, akamtazama bwana. Naye alitaka kujua jibu. Bwana akaniuliza swali hilo linanihusu nini mimi. Wakatoka, kila mmoja kwa mlango wake.

Kwa hiyo mbinu ya kusubiri haifai. Nimeifuta. Jumla ya maswali sasa ni kumi, na yote ni ya kwenda mbio.

Jumapili, 9 Juni

Baba amevaa koti tangu asubuhi. Na kofia. Amekaa karibu na mlango badala ya dirishani. Nikamwambia amependeza. Mke wangu akasema leo ni Jumapili. Nikamwambia najua, kalenda ninayo.

Nikajifungia chumbani. Swali la kumi na moja limenitoa jasho, lakini limekaa vizuri: je, duka linauza magodoro, au magodoro yanaliuza duka? Hata mimi sijui jibu lake, na hapo ndipo utamu ulipo.

Nilipotoka mchana baba alikuwa amevua kofia, ameishika magotini. Koti hakuvua. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Akasema, kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Usaili umekwenda kama maji. Meneja alipofika pale pa kuuliza kama nina swali lolote kwake, nikayatoa yote kumi na moja bila kupumua. Kwenye la nne alitaka kujibu, nikamwomba kwa heshima asinikatishe. Nilipomaliza akaniuliza ni lipi hasa kati ya hayo nataka nijibiwe. Nikamwambia lolote alipendalo. Akashika paji la uso. Nadhani nilimgusa.

Bi Pole alikaa humo ndani hadi tukadhani kalala kwenye godoro la mfano. Alipotoka nikamdodosa. Kumbe aliuliza swali moja tu, kwamba huyu msimamizi aliyekuwepo aliondoka kwa nini. Moja! Tena la umbeya. Nikamwambia asijali, kazi ni nyingi duniani. Akaniuliza mzee wangu anaendeleaje. Nikasema salama. Akaendelea kunitazama tu, hadi nikamwambia nina haraka.

Nikawahi nyumbani nimsimulie baba. Alikuwa amelala kitandani, macho ameyafumba, lakini nikamsimulia hivyo hivyo, swali kwa swali. Akanishika mkono. Akauliza kama sasa nimemaliza. Nikamwambia bado, matokeo ni Jumatano.

Jumatano, 12 Juni

Baba amefariki jana alfajiri. Mke wangu ndiye aliyemkuta.

Sijui niandike nini. Nilikaa kwenye kiti chake kile cha dirishani, ambacho sikuwahi kukikalia tangu aje. Unaona ukuta wa jirani, kamba ya nguo, kisha, kwa mbali, kati ya mapaa mawili, daraja la mtoni. Sikujua kwamba daraja linaonekana kutoka nyumbani kwangu. Nikalia hadi shati likalowa kifuani.

Majirani wanaingia, wanauliza habari za hapa. Najibu nzuri, ila tumefiwa. Ndivyo inavyojibiwa. Mmoja akanishika mkono, akataka kujua baba alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kumjibu, nikakuta sina pa kuanzia. Nikamwambia alikuwa mpole. Sina hakika.

Meneja ametuma salamu za pole. Kwenye ujumbe huo huo ametaja kwamba cheo amepewa Bi Pole, naye ameomba muda wa kufikiri. Kufikiri! Siku nyingine hilo lingeniuma. Leo nimelisoma tu, nikaweka simu chini.

Jumamosi, 15 Juni

Tulizika juzi. Nyumba bado ina watu, viti vya kuazima vimejaa hadi uani.

Mchana huu ameingia mzee mmoja kwa miguu, vumbi hadi magotini, udongo mwekundu kwenye kucha. Paji la uso la baba, kabisa. Nikajua ni baba mdogo. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mtoto. Yeye na baba waligombana wakaachana, na kwetu hakuna aliyekuwa akilizungumza jambo hilo. Waligombania nini, sijui. Sikuwahi kuuliza.

Mke wangu akampa kiti na chai, akamuuliza mzee anatokea wapi. Akasema anakaa pale kwenye tanuri la zamani la matofali, ng'ambo ya mto. Halichomi tena, yeye analinda tu. Habari za msiba amezipata jana kwa mpita njia. Mke wangu akabaki na birika mkononi, hamimini, haliweki chini.

Mzee akanigeukia. Akaniuliza kama kaka yake aliwahi kumtaja, hata mara moja. Nikafikiri kwa makini, kwa sababu mimi si mtu wa kudanganya msibani. Nikamwambia hapana, baba mdogo, hakukutaja. Akatikisa kichwa polepole. Akasema ni sawa, hata yeye angekuwa mgumu vile vile. Chai hakuinywa. Akatoka, akakaa peke yake kwenye ngazi za mbele.

Mke wangu akanivuta jikoni. Akasema ndiye. Huyu ndiye mtu ambaye baba alitaka apelekwe kwake, na siku ile alivaa koti akimngoja mwanawe ampeleke. Nikashika ukingo wa meza. Nikalia, safari hii mbele yake. Nikasema, mbona baba hakusema? Angetamka tu kwamba mdogo wangu yuko kule, nipelekeni nikapatane naye, ningembeba mgongoni. Mke wangu akasema hakuulizwa. Hapo ameniumiza, na si kweli. Nani katika nyumba hii amemuuliza baba maswali mengi kuliko mimi?

Akaniambia nitoke sasa hivi nikamweleze mzee. Yeye hawezi kunisemea, kwa sababu aliyesema hapana ni mimi, na hapana hiyo niifute mimi. Ana haki. Nitamweleza, tena leo. Lakini jambo zito namna hii haliendewi mikono mitupu. Nimeingia chumbani nipange pa kuanzia, na ndiyo maana naandika.

Nianze kwa swali, nimlainishe. Baba mdogo, kwako msamaha ni kitu gani? Hapana, atadhani namhukumu. Baba mdogo, ungepewa nafasi ya kusikia jambo moja tu, ungependa kusikia lipi? Hili lina uzito. Liwe la pili. La tatu liguse ujana wao, la nne lirudi kwenye kiburi, ambacho naona ni cha ukoo. Mke wangu amegonga mlango. Nimemwambia dakika moja. Kati ya kutajwa na kukumbukwa, baba mdogo, kipi kina thamani zaidi? Nimekaa kidogo nikilitazama hili. Baba angelipenda. Mke wangu amegonga tena, kwa kiganja, nikamwambia nakuja, asinikatishe.

Sasa amefungua mwenyewe. Mzee ameondoka. Aliona jua linashuka na njia ni ndefu kwa miguu yake. Mke wangu ametoka kumkimbilia hivyo hivyo bila viatu, nasikia anamwita huko barabarani, na sauti inazidi kwenda mbali. Mlango ameuacha wazi.

Nimebaki nashangaa. Sote tumefiwa, lakini mtu mzima huaga. Huenda ndivyo walivyozaliwa, yeye na baba, watu wasio na subira. Nilikuwa nimebakiza swali moja tu.