Hesabu Iliyopita Nne

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Kwa miaka sita nimeficha jambo kuhusu shingo ya marehemu Onsongo. Daktari anasema moyo wangu umechoka, basi naandika.

Nianze na dogo. Karate sikusomea. Nilitazama maonyesho mara mbili Kericho mjini, nikapaka mkanda rangi ya viatu. Kijapani najua nambari nne tu: ichi, ni, san, shi. Zikiisha, nasema "tena". Kwa elimu hiyo nimewafundisha walinzi mazoezi na kunyoosha migongo ya wachuma chai hapa Mogogosiek miaka ishirini.

Leo asubuhi, ukungu mzito, mtu alihesabu katikati ya michai. Ichi, ni, san, shi. Kisha go. Sauti ya Onsongo.

Jumanne, 5 Agosti

Ameongeza roku. Nimemuuliza Tecla, mwalimu wa sekondari mwenye vitabu vingi. Akasema ndiyo, hizo ni tano na sita, na amefurahi kuona Mzee bado anajiendeleza. Hesabu hiyo hufika kumi, ju. Sikumuuliza baada ya kumi kuna nini.

Nimetia pamba masikioni. Nasikia vizuri zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Saba. Mbinu mpya: Omariba, mpinzani wangu ng'ambo ya barabara, anayekanda watu kwa samli. Nikamketisha kwenye kiti changu, nikamfunga mkanda wangu, ili sauti imchukue yeye. Akalalamika kwamba mkanda unanuka kiatu. Akauliza kama karate yangu iliwahi kumshinda hata ndama. Hakusikia chochote. Ameondoka na wagonjwa wangu wawili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nane. Jerusa, mjane wa Onsongo, ameniletea maziwa kama kila Alhamisi. Amenishukuru tena kwa kumbeba mumewe hadi barabarani siku ile alipoteleza na kikapu. Nilikusudia kumwambia. Nikafungua mdomo, nikauliza kama ng'ombe amepona.

Ijumaa, 8 Agosti

Tisa, dirishani kabisa. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi, upande wa nje. Nimemwita Jerusa aje kesho mapema. Nitamwambia yote kabla ya kumi.

Jumamosi, 9 Agosti

Jerusa yuko hapa. Nikaanza: mama, ni habari ya mume wako. Akasema, Mwalimu, ngoja kwanza, shingo yangu imekaza tangu jana, siwezi kugeuka, na Omariba simwamini, mikono yako ndiyo naijua. Mwezi mzima hakuna aliyeniambia hivyo. Nikamwambia aketi.

Anafungua kitambaa chake shingoni. Huko nje hesabu imeanza tena, polepole, kutoka moja. Naandika upesi, nimwambie akishapata nafuu.

Onsongo hakuteleza. Aliingia chumba hiki akitembea, akaketi kwenye kiti hiki, nikamgeuza shingo kulia kwa nguvu, ikalia, akaacha kupumua. Kikapu nilikiweka mimi juu yake, kule mteremkoni.

Leo nitageuza kushoto.