Kilima cha Injinia Rabson

Rabson aliacha shule darasa la tano, na tangu siku hiyo hajaacha kufundisha watu. Mjini Tunduma walimwita Injinia kwa sababu ya kofia ngumu ya njano aliyoiokota mpakani, naye hakuona sababu ya kuwabishia.

Siku moja alikuwa kwa kinyozi, redio ikasema halmashauri itamsamehe kodi ya jengo, miaka kumi, yeyote atakayejenga kwenye bonde la mafuriko, mradi ainue msingi juu ya maji. Kibanda kizima kikacheka. Rabson akainuka na ndevu za upande mmoja, akatoka redio ikiendelea. Mtu anayechukia kodi, alijiambia, akisikia msamaha hasikii tena mafuriko.

Akaenda moja kwa moja kwa Mama Shani, muuza vitenge, mwanamke aliyegombana na watoza ushuru wote wa mji.

"Bamayo, mama yangu, mtu mzima kama wewe, kodi ya nini?"

"Na maji?"

"Maji ni maneno ya redio. Mimi nimeishi kule."

Hakuwahi kulala kule hata usiku mmoja.

"Kuna mfugaji, Luhende, nasikia anauza," alisema Mama Shani. "Nunua, inua msingi, nikiona nakinunua, nakurudishia gharama mara tatu. Ila uwe mpana. Nina watoto wengi."

Rabson akashuka bonde la Momba kwa pikipiki yake, akaipita Chitete, barabara ikamtikisa mpaka akasahau uongo aliouandaa. Haukuhitajika. Mzee Luhende hakutaka fedha.

"Niachie hiyo pikipiki."

"Mzee, hii ndiyo miguu yangu."

"Basi tembea nayo salama."

Akamwachia. Njiani, juu ya lori la mahindi, alimwonea mzee huruma: kutoa ardhi yote ile kwa pikipiki yenye breki moja!

Kumwaga kifusi cha moramu bondeni si mchezo. Likauzwa sofa, ikauzwa friji, ikauzwa televisheni. Kila alipopiga simu kuomba chochote cha kuanzia, Mama Shani alikuwa na neno.

"Ngazi sitaki, mwanangu. Goti langu bovu. Niwekee mteremko."

"Sawa, Bamayo."

"Na karo refu la kufulia."

"Refu kiasi gani?"

"Nimekwambia watoto ni wengi."

Rabson alicheka peke yake. Mjinga huyu, alijisemea, hata nyumba hana, anawaza kufua. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa analala kwenye mkeka.

Mvua zikaja. Mama Shani akamwambia watakutana pale pale kwenye msingi, amkabidhi chake. Rabson akatangulia, akasimama juu ya moramu yake na kofia kichwani. Asubuhi maji ya vifundoni yalikuwa yamezunguka pande zote. Msingi ulikuwa mkavu kama ulimi wake.

Kisha akaona pembe. Ng'ombe walikuwa wanakuja ndani ya maji, mmoja nyuma ya mwingine, wakapanda mteremko taratibu kama wageni walioalikwa, wakaanza kunywa kwenye karo. Nyuma yao ilitokea pikipiki aliyoijua. Luhende alikuwa anaendesha. Nyuma yake, sketi imekunjwa magotini, alikaa Mama Shani.

"Mama Shani, shuka uwapishe ndama," alisema Luhende.

"Mnajuana?" Rabson aliuliza.

"Huyu? Mume wangu. Kila masika ng'ombe wake wanaoza kwato kwa kusimama majini. Namwambia jenga tuta, ananiambia moramu ghali."

"Na watoto wengi?"

Mama Shani akaonyesha ng'ombe kwa kidevu.

"Basi nilipe mara tatu, au nauuza msingi huu," alisema Rabson. "Kwa mwingine. Mtawaondoa hawa."

"Injinia, ile redio uliisikiliza mpaka mwisho?"

Rabson akashika shavu.

"Walisema anayesamehewa kodi haruhusiwi kumuuzia mtu, hata mimi, mpaka miaka kumi iishe. Mimi nilikuwa nasikiliza dukani. Ulipoingia na ndevu nusu, nikajua umelikimbia tangazo katikati."

 Rabson akakaa chini, ndama akaanza kulamba kofia yake. Alikuwa amemwahidi Mama Shani mambo mawili: kwamba msingi huu hauguswi na maji, na kwamba mwenye nao halipi kodi. Yote mawili yalikuwa kweli. Katika kazi yake yote ilikuwa mara ya kwanza kuuza ukweli mtupu, na mnunuzi pekee alikuwa yeye mwenyewe.