Homoni ya Mama Winny

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jumamosi Bwana Naswa, mpishi mkuu wa hoteli moja mjini, anakuja hapa Mamboleo kuchagua shamba la kumletea nyanya msimu mzima. Shamba moja tu! Ama langu, ama la jirani yangu Mama Winny. Nyanya zake zinanizidi kidogo. Kidogo tu. Lakini hazinizidi bure. Kuna dawa.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia kwenye ua tangu asubuhi. Mama Winny katoka na chupa ya soda isiyo na soda, akaimimina kwenye pampu, akapulizia mahindi. Nyanya hakuzigusa! Upepo ulipogeukia nyanya, akaacha kazi kabisa, akakaa. Ujanja huo. Alijua natazama.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda agroveti kwa Waliaula, muuza dawa za shamba anayempimia kila mtu kwenye chupa yake. Nikaomba ile ya Mama Winny, kama niliyetumwa. Ni nini hasa? Akasema ni homoni, mmea ukiipata unakua mbio kupita kawaida. Moyo ukaruka! Kisha akauliza, "Ni ya mahindi, sivyo, Mzee Joram?" Swali la mpelelezi. Nikajibu ni ya mahindi matupu, sina hata mche mmoja wa nyanya. Akasema basi sawa, maana kwa kitu kingine... Sikungoja. Waulizaji hupeleka habari.
Nimepulizia nyanya zote. Mara mbili, kwa kuwa nimechelewa kuanza.

Alhamisi, 6 Machi
Inafanya kazi! Mashina yamejipinda kama wacheza ngoma ya ohangla. Majani yamejikunja, nguvu imekosa pa kwenda. Mama Winny kasimama kwenye ua, mkono mdomoni. "Baba, umeweka nini hapo?" Wivu. Nikamwambia ni samadi.

Jumamosi, 8 Machi
Mashina yamevimba, mengine yamepasuka. Bwana Naswa katazama, akauliza kwa upole hii ni mboga gani. Akaenda kumpa mkono Mama Winny. Msimu wote umekwenda!
Nikamkimbilia Waliaula. Kumbe ni dawa ya magugu! Inalikuza gugu ovyo mpaka lijimalize lenyewe. Mahindi huvumilia, nyanya hufa. "Si ulisema huna hata mche mmoja?" Sasa ananishtaki kwa maneno yangu mwenyewe. Hawa wawili wamepanga.

Jumapili, 9 Machi
Mama Winny kapita hapa akitoka kanisani, na miche hamsini ya nyanya. Ya bure! Eti hoteli inataka nyingi kuliko anazoweza kuvuna, nikipata mavuno tutapeleka pamoja. Eti nipande kule chini karibu na mfereji, nisiguse kabisa pale nilipopulizia, udongo upumzike kwanza.
Ahaa! Nani hugawa miche bure? Na kwa nini anauhurumia udongo wangu? Kuna nguvu imebaki mle ndani, naye anaijua.
Nimeipanda yote hamsini pale pale. Alipopita tena nikasimama mbele yake, nimetandaza koti, asione.