Mwinyijuma Achagua Ubao wa Kuwekea Miguu

Sogeeni, enyi waungwana wa Bagamoyo, nanyi wa Miono, nanyi wa Saadani mnaonuka samaki wa ng'onda lakini mna masikio mema. Mwenye mtoto amkalishe, na mwenye tambuu mdomoni aiteme kwanza, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa shavu lililojaa. Mmekwisha kusimuliwa vita vya masultani na miji iliyogeuzwa majivu, mkalia, mkaenda kulala. Hayo yalikuwa madogo. Leo inasimuliwa habari ya Mwinyijuma bin Kitwana, Mpasua Vumbi, Bwana wa Magurudumu Matatu, na jinsi alivyochagua ubao.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Mgiriki mmoja alifunga shamba lake la mkonge akarudi kwao, akaacha nyuma pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, magurudumu mawili yake na la tatu la kigari, imeshika kutu hata kuku wakawa wanatagia ndani. Majirani walisema ni kiota. Mwinyijuma akainunua, akawafukuza kuku kwa heshima zote za vita, akaipa jina Tufani. Tangu siku hiyo hakuonekana tena akitembea kwa miguu, hata kwenda chooni alikwenda kwa shingo upande.

Lakini ushujaa hauna adui mkubwa kama sakafu mbovu. Siku ya kwanza alipompakia mkewe, Mwaija binti Majaliwa, amevaa kanga mpya na udi umemkolea, sakafu ya kigari ilikatika mbele ya soko. Mwinyijuma hakusikia kitu, kwa kuwa Tufani ilinguruma, na yeye alikuwa akigawa salamu kulia na kushoto kama liwali. Basi mke wa watu, juu ameketi kama bibi harusi, chini anatoka mbio, miguu yake miwili ikikanyaga barabara ya serikali kutoka sokoni mpaka forodhani, na mji mzima ukiinama kutazama. Bwana alipomaliza kusalimia ndipo aliposimama.

Mwaija alishuka, au tuseme alitoka, kwa sababu chini alikuwa amekwisha kufika. Akaenda nyumbani akafunga furushi lake, na mlangoni akatoa kauli yake.

"Mwinyijuma, umenikimbiza mjini kama punda wa chokaa. Mimi nakwenda Kiwangwa kwa mama yangu. Siku mama mwenyewe atakapopanda hilo dude lako, kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwako, asiguse ardhi hata kwa kidole cha mguu, siku hiyo nitarudi nawe. Asipokubali kupanda, nipe talaka yangu."

Mwinyijuma alimpenda mkewe. Hilo tuliseme bila kulipamba. Siku tisa alikula maandazi ya jana, akalala peke yake akinuka petroli, na kitanda alikiona kipana kama kiwanja cha gwaride. Siku ya kumi aliondoka kwenda vitani.

Ubao wa asili wa sakafu ya kigari ulitoka Ulaya. Duka moja la Dar es Salaam lilimjibu kwamba utafika kwa meli baada ya miezi sita, kama wanaoutengeneza bado wako hai. Jirani yake, Bwana Hija, alimshauri atandike mkeka juu ya tundu. Mwinyijuma akamtazama kama jemadari anavyomtazama mpishi, akasema mkeka hauzibi shimo, unalifanya liwe na adabu tu. Akaenda kwa seremala Mrisho, mtu ambaye hajapata kusema uongo, wala hajapata kuimaliza kweli.

Hapo mbao zikapigana. Aina ya kwanza ilikuwa mninga, mwekundu, wenye kung'aa, wa kufaa mlango wa kadhi. Ukafungwa, na Tufani ikalalia upande wa kushoto kama mtu aliyeshiba ubwabwa wa maulidi, ikakataa kunyooka. Aina ya pili ilikuwa ubao wa sanduku la majani ya chai, mwepesi, wa kupendeza; akapandishwa beberu wa Mrisho ili aujaribu, na beberu alipopiga chafya akabaki amesimama ardhini huku pembe zikichungulia kigarini. Zikaja boriti za mkoko, ngumu kama deni la damu lakini za mviringo, na beberu akateleza akaangukia tumbo. Kuanzia hapo beberu, kila amwonapo Mwinyijuma, alikimbia kujificha nyuma ya nyumba.

Siku ya tatu ya vita hivyo shujaa alikaa juu ya gogo akiwa amekata tamaa. Ndipo jicho lake lilipouona, umeegemea ukuta wa uani, ubao mmoja mrefu, mweupe kwa kusuguliwa, laini kama shavu la mtoto, wenye mfereji mwembamba katikati na matundu mawili upande mmoja.

"Mrisho!" alinguruma. "Huu nao ni wa nani, unaokaa juani kama yatima?"

"Ni wangu, bwana. Nilipewa na watu wa dini nilipowatengenezea mpya."

"Na una nguvu?"

Mrisho akafuta jasho polepole. "Ubao huo, Bwana Mwinyijuma, umebeba masheikh. Umebeba matajiri wa kopra na mabibi wenye miili yao. Wote wamelala juu yake wametulia, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

"Na mfereji huu?"

"Wa maji. Yakimwagika hayatuami."

"Hata mvua ya masika!" Mwinyijuma alisimama, akauweka mkono kifuani. "Basi sikilizeni, enyi randa na misumeno! Wazungu waliunda pikipiki wakasahau kwamba mvua hunyesha. Mimi, Mwinyijuma bin Kitwana, sikusahau. Kata!"

Mrisho akakata pembe tu, urefu asiuguse. Ukaingia kigarini kama ulizaliwa humo. Beberu alivutwa kwa kamba, akapandishwa, akarukaruka kwa hasira, na ubao haukutoa hata sauti.

Kesho yake asubuhi Tufani ilivuka mashamba ya mikorosho ikaingia Kiwangwa, ikiongozwa na vumbi na kufuatwa na mbwa. Watu waliacha mananasi shambani wakaja kujaa uani kwa Bi Mwanabaraka, mama yake Mwaija. Walikigusagusa kigari, wakausifu ubao, wakapitisha viganja juu yake na kusema, ama kweli, laini. Mwaija alisimama kizingitini amekunja mikono.

Bi Mwanabaraka akatoka. Mwinyijuma akashuka upesi, akainamisha macho kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Katika miaka saba ya ndoa hajapata kumwambia zaidi ya hapo.

Bibi alikizunguka kigari. Akainama, akautia kidole mfereji, akaufuata mpaka kwenye matundu mawili. Hapo akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

"Miaka thelathini," alisema, "nilikaa Bagamoyo nikiwaosha wanawake wenzangu waliofariki. Ubao huu naujua kuliko kitanda changu. Huu ni ule wa msikitini, wa kuoshea maiti."

Laiti mngaliona vita vilivyovunjika bila risasi! Wanaume waliokuwa wamekiegemea kigari walitawanyika wakaingia kwenye mihogo, na mmoja aliyeusifu kuliko wote alikuwa akifuta viganja vyake kwenye shati la mwenzake. Mwinyijuma alibaki peke yake uwanjani, na maneno ya Mrisho yakimrudia moja moja, kila moja likiwa kweli tupu.

"Mama, toka hapo!" Mwaija alipiga kelele. "Mimi alinikimbiza mzima mzima, sasa wewe anakuja kukuchukua kabla hujafa! Mwinyijuma, sema hapa mbele ya watu, talaka yangu!"

Mpasua Vumbi alifungua kinywa atoe hotuba, hotuba isije. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Sikujua, Mwaija. Wallahi sikujua. Nilitaka usiumie tena miguu."

"Nyamazeni wote," akasema Bi Mwanabaraka. Akaigeukia mihogo iliyojaa watu. "Nyinyi mliojificha humo, ubao kama huu unawangoja, na siku hiyo hamtauliza ni wa mti gani. Mwosha huoshwa. Nimewalaza hapa mabibi ambao watu wanne walishindwa kuwainua, na haukupata kulia. Mwanangu, mumeo ameleta ubao usiovunjika. Hakuujua, ni kweli, lakini mume asiyejua akajaribu ni bora kuliko ajuaye akakaa barazani. Nipeni buibui langu."

Akalivaa, akasema bismillahi, akapanda, akaiweka miguu yake miwili juu ya ubao kwa utulivu wa mtu aliyefika kwake.

Mwaija akaingia ndani akalitoa furushi lake. Kiapo ni kiapo, na wa kwanza kukisikia alikuwa yeye mwenyewe. Akakaa nyuma ya mumewe, uso ameugeuzia mikorosho. Barabara ilipoharibika ikambidi amshike kiuno kwa ajili ya makorongo, na makorongo yalipokwisha akasahau kuachia.

Bagamoyo waliutambua ubao kabla hawajaitambua pikipiki, na barazani kote watu waliinuka wakanyamaza kama lipitapo jeneza, hata Bi Mwanabaraka alipowapungia mkono ndipo wengine walipokaa kwa ghafla bila kutazama kama viti vipo. Tufani ikasimama mlangoni. Mkeka ukatandikwa, na bibi akatoka kigarini mpaka kizingitini, kidole chake cha mguu kisiguse mchanga.

Hapo akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akamwambia zaidi ya marahaba.

"Baba, ubao huu usimpe mtu. Siku yangu ikifika, uje nao Kiwangwa. Ule mpya waliotengeneza mjini una misumari."

Mwinyijuma, aliyekuwa na hotuba kwa kila mti na kila mbuzi, macho yalimjaa maji. "Mungu akupe umri, mama," alisema. "Nitakuja nao mwenyewe."

Basi na iandikwe na wenye kuandika, na wasiojua kuandika waikariri, kwamba vita vikuu vya ubao vilipiganwa siku tatu na nusu, wakajeruhiwa beberu mmoja na jina la seremala, na ushindi ukawa wa Mwinyijuma bin Kitwana, Mfikisha Wakwe. Alisimama nje akingoja tarumbeta. Ndani, Mwaija alikuwa amekwisha kushika ufagio, na alikuwa akiuliza kwa ukali ni nani aliyeacha maandazi ya siku kumi chini ya kitanda.