Mchezeshaji Hafutwi!

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Chai imepoa, sijaigusa.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye kocha mpya wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Siku za kazi ni mnyapara wa wapakuaji katika ghala la sabuni, na wachezaji ni hao hao wapakuaji wake pamoja na dereva mmoja. Leo mazoezini ametangaza kwamba kuanzia mechi ya Jumamosi timu haitakuwa na mchezeshaji.

Haitakuwa na mchezeshaji!

Hapa pana jambo la kufafanua, maana atakayeiokota shajara hii (Mungu apishie mbali) huenda hajui. Wachezaji ni watano. Mmoja huupokea mpira nyuma, huudunda taratibu hadi mbele, huinua kidole, kisha huamua nani apewe na lini. Huyo ndiye mchezeshaji. Wengine wanne husubiri. Huo ndio ustaarabu. Wetu ni dereva wa ghala aitwaye Kijiko, kwa sababu miaka kumi na miwili amewalisha wenzake mipira.

Eti sasa mpira utapita mkono kwa mkono, yeyote aliye karibu ampe yeyote aliye wazi. Yeyote! Neno la kutisha.

Naogopa. Nieleze sababu. Kanuni za ligi zinaruhusu watu wawili tu wasio wachezaji kukaa kwenye benchi: kocha na mtu mmoja zaidi. Huyo mmoja ni mimi. Cheo changu kamili ni Mshauri wa Mchezeshaji. Mchezeshaji akifutwa, nitamshauri nani? Upepo?

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa ghala lile. Hakuna katoni iliyoingia wala kutoka bila kupita dirishani kwangu. Wiki niliyostaafu, dirisha likazibwa kwa matofali. Ghala halikuanguka. Jambo hilo sijalizoea hadi leo.

Nimemweleza mke wangu hatari iliyopo. Ameuliza kwani jukwaani hakuna viti.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na wazo. Waraka! Kurasa kumi na moja, kwa mkono wangu, wino mweusi. Nimeanza na methali isiyopingika: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikaendelea na nyuki na malkia wao, mwili na kichwa chake, treni na injini yake. Ukurasa wa tisa una mchoro.

Nimempelekea mpwa wangu uwanjani. Amesoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, filimbi mdomoni. Akasema Mjomba, shikamoo, mwandiko wako mzuri kama kawaida, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Wachezaji wakacheka. Kijiko naye akacheka! Mtu ninayempigania!

Kisha meza ya kuwekea ubao wa matokeo ikayumba. Mpwa wangu akaukunja waraka mara mbili, akauchomeka chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia kabisa.

Nilipotoka nikaona amenunua sanduku jipya la huduma ya kwanza. Sanduku linahitaji muuguzi. Muuguzi anahitaji mahali pa kukaa. Benchi ni moja.

Jumatano, 6 Machi

Maneno hayakutosha, basi vitendo. Asubuhi nimekwenda ghalani wakati wanapakua lori. Watu kumi na wanne, mstari mmoja kutoka lori hadi rafu za nyuma, katoni zinapita mikononi huku wao wakitaniana. Mpwa wangu akaniambia: tazama, Mjomba, hapa nani mchezeshaji?

Nilikuwa nimeungoja mtego huo. Nikamwomba dakika tano tu. Nikasimama katikati ya mstari, nikaagiza kila katoni ije kwangu kwanza, niikague, ndipo nitaje jina la mtu wa kuipokea. Kwa adabu walizofundwa, wakatii.

Katoni ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Ya pili pia. Kwenye ya tatu nikasahau jina la kijana mmoja. Nikiwa bado nalitafuta zikafika ya nne, ya tano, ya sita. Nikazipanga miguuni. Zikafika magotini. Wa nyuma yangu wakakaa chini, mmoja akatoa karanga. Wa mbele wakaendelea kuleta, maana hakuna aliyewaambia waache. Zilipofika kifuani nikaamuru wasimame, lakini sauti haikutoka vizuri. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilijiona nikifia ndani ya sabuni ya mche.

Wamenitoa kwa zamu, mkono kwa mkono.

Nikawaeleza, nikiwa nimekalia katoni na maji ya kunywa mkononi, kwamba rundo lile ndilo ushahidi wenyewe. Mtu asiye muhimu hawezi kurundikiwa vitu kiasi kile! Wakaniangalia. Mmoja akasema pole, babu. Babu!

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya jambo. Sijui kama ningepaswa kuliandika.

Jumamosi tunacheza na timu ya kiwanda cha magodoro. Mshauri wao ni mhasibu mstaafu ambaye mimi humwita Mto, kwa kuwa hukalia mto wa sponji aliopewa na kiwanda, huku mimi nikikalia ubao mtupu. Miaka sita sasa ananiringia mto ule. Hata hivyo leo nimemtembelea.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Timu yangu ikishinda bila mchezeshaji, nimekwisha. Ikishindwa, watamrudia mchezeshaji, na mchezeshaji atahitaji mshauri. Kwa hiyo inatakiwa ishindwe. Mara moja tu, kwa faida yake yenyewe, kama mtoto anavyonyweshwa dawa chungu.

Nikamwambia Mto kama mtu anayeongea habari za hali ya hewa. Eti sisi hatuna tena wa kupandisha mpira. Eti wakitubana mapema, watu watatu kwa mwenye mpira, tutautema. Mto akanitazama sana, akasema: "Mzee mwenzangu, hili umelitoa moyoni?" Nikasema ndiyo. Akanipa biskuti. Haikumezeka.

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Kila aliyenisalimu nilidhani anajua. Mwanamke mmoja kaniuliza bei ya nyanya nikamjibu sijasema chochote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelikoroga!

Wakati wa chakula cha mchana mke wangu kasema, huku akichambua mchele wa jioni, kwamba mpwa wangu alipita jana, akalia kidogo. Nikauliza kulikoni. Akasema kwani sijui? Meneja wa ghala amempa mechi moja. Akishindwa kesho, wachezaji hawatapewa tena ruhusa ya kutoka kazini mapema, na bila ruhusa hakuna mazoezi, na bila mazoezi hakuna timu. Kwisha.

Kijiko changu (cha kulia, si mchezaji) kikaanguka.

Bila timu hakuna benchi! Hilo lilikuwa la kwanza kuniingia kichwani, nakiri. La pili lilikuja polepole. Mtoto huyu alikuwa na miaka tisa dada yangu alipofariki. Mimi ndiye niliyempa mpira wa kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kurusha, nyuma ya ghala, kwenye pete ya pipa. Nami ndiye jana niliyemuuza kwa biskuti.

Mke wangu kaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema pilipili. Akasema hakuna pilipili.

Fikiri, mzee, fikiri. Mto atatubana. Dawa ya kubanwa ni nini? Mchezeshaji! Nikakimbia hadi kwa Kijiko, nikamkuta chini ya gari lake. Nikamweleza mpango: kesho autwae mpira yeye, apende kocha asipende, nami nitamwongoza kwa ishara. Leso usoni, aende kulia. Miwani juu, aende kushoto. Kikohozi, asimame.

Akatoka chini ya gari taratibu. Akasema Mzee wangu, goti hili limebeba watu miaka kumi na miwili. Tangu Jumatatu, alipoambiwa apumzike pembeni tu na kurusha, analala usingizi mzuri. Nikamwambia timu itakufa. Sauti ilinitetemeka, nami sikuigiza. Akanitazama, akafuta mikono, akasema haya, kwa heshima yako.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kadiri vidole vitakavyokubali.

Kipenga kilipolia, magodoro wakatubana palepale, watatu watatu, kama nilivyowafundisha. Kijiko akautwaa mpira. Mpwa wangu akashangaa, akapiga kelele autoe. Kijiko akanitazama mimi.

Sasa, kuna jambo sikulipigia hesabu. Mtu mwenye hofu hutoka jasho. Mwenye jasho hujifuta. Nikajifuta. Kijiko akaenda kulia. Nikajifuta tena. Akaenda kulia zaidi. Nikaona anakaribia mstari, jasho likazidi, nikajifuta kwa mikono miwili, naye akatoka nje ya uwanja na mpira wake hadi kwenye viti vya watazamaji. Mara ya pili vumbi likanipalia, nikakohoa kikohozi halali kabisa. Kijiko akasimama wima katikati ya uwanja kama nguzo. Wakampokonya kama wanachuma embe.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Mto alinipungia mkono kutoka kwenye mto wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mpwa wangu akaja mbele yangu. Hakupaza sauti. Akanyoosha kiganja, kama mtu anayemdai mtoto kitu alichookota. "Mjomba. Leso." Nikampa. Kiganja hakikuondoka. "Na miwani."

Kwa hiyo nusu ya pili niliiona kwa ukungu. Niliona rangi tu, na mpira haukukaa popote. Mkono kwa mkono, mkono kwa mkono. Magodoro watatu walipofika ulipo, ulikuwa umekwishaondoka. Nilizijua sauti zile: ndizo zile za kupakua lori, na utani uleule. Mtu mmoja mwenye goti bovu alisimama pembeni kushoto bila kubughudhiwa na mtu, akawa anarusha tu. Watu wakipiga mayowe nauliza nani kafunga. Kijiko. Tena nani? Kijiko.

Hamsini na nane kwa hamsini na tano. Tumeshinda! Nikalia, sijui kwa furaha au kwa hofu, maana kivuli kilikuwa kinanijia kimebeba mto.

Mto akasema mbele ya wote kwamba mimi ni mzee mwongo. Kwamba nilimfuata hadi nyumbani kwake kumwambia wabane watatu watatu, nao wamebana hadi pumzi zimekatika, kumbe nilikuwa nawachimbia shimo!

Mpwa wangu akanigeukia. Nikafungua kinywa niseme ukweli, naapa nilikifungua.

Akaanza kucheka. Akawaambia wachezaji: mmesikia? Mjomba ndiye aliyewachosha wenzetu! Wakanibeba juu juu. Sikukifunga kinywa, ila hakikutoa kitu.

Waliponitua, alinirudishia miwani. Akaninong'oneza, macho yake ni ya dada yangu mtupu: "Mjomba, usirudie." Kisha akaniambia benchi ni langu, muuguzi atakaa jukwaani safu ya kwanza, nami kuanzia sasa nitawagawia wachezaji maji.

Nisirudie nini? Nimewaza sana. Nadhani alimaanisha kukohoa.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika, nimetafakari, nimepata fundisho. Ni hili: timu ilishinda kwa sababu mchezeshaji alikuwepo, ila hakuwa uwanjani. Alikuwa kwenye benchi, bila miwani.

Nimekwisha kupanga ugawaji wa maji. Chupa zote zitakuja kwangu. Mchezaji hatajichukulia. Ataomba, nitakagua kiu yake, nitataja jina, ndipo atapewa. Wengine watasubiri. Mke wangu ameuliza wakizimia je. Nikamwambia kwa utaratibu huu watazimia kwa zamu.

Saa saba mchana. Kijiko amepita kunisalimu. Katika mazungumzo amesema eti kocha kaagiza ndoo kubwa yenye bomba, ya kuwekwa nyuma ya benchi, kila mtu ajichotee.

Kila mtu! Ajichotee!

Nimeshika kalamu, waraka umeanza vizuri, niko ukurasa wa nne. Nikimaliza nitapita kwa Mto. Nasikia wao wana mtaalamu wa mabomba.