Ombi la Kuhamishwa Kutoka Tanuri la Ba Allal

Mtaa wa Wachonga Vitana,
Fez.

Kwa msimamizi wangu, Daktari Zhor Lamrini,

Kwa heshima zote naomba unihamishe kutoka mtaa huu kabla ya Ijumaa, siku ya kukuletea sura ya kwanza. Uliniagiza nikae miezi minne na watu wa kwetu, niwatazame, niandike wanavyoishi. Nimekaa. Sura sina. Wa kulaumiwa ni mwoka mikate wa mtaa, Ba Allal.

1. Anatazama watu bila kibali cha chuo. Kila nyumba humpelekea mikate mibichi juu ya ubao, aioke. Haina alama, na hajawahi kumpa mtu mkate wa jirani. Nilimuuliza anaitambuaje. "Wewe mama yako unamtambuaje?" Nimeliandika, lakini si jibu.

2. Hutoa matokeo kabla yangu. Wiki tatu nilichunguza kwa nini jirani yetu Lalla Tamu na mkwewe wamenuniana. Ba Allal aliumega mkate wao, akaonja: "Chumvi mara mbili. Hawa hawaulizani tena."

3. Wanawake wa mtaa nao wameharibika. Nikifungua daftari, Lalla Tamu hupaza sauti: "Haya jamani, msomi anataka tuwe wa kawaida!" Kisha wanaanza ugomvi upya, polepole, nisije nikapitwa na neno.

4. Hili ndilo lililonivunja. Jumanne alitazama ubao wetu. "Leo siku ya pili mnaleta minne badala ya mitano. Kaka yako kashaondoka?" Nilimcheka. Nyumbani nikakuta kitanda cha Anuar kimetandikwa. Alikwenda Tanja kutafuta kazi tangu Jumapili, na Mama alidhani ninajua. Daktari, nilikuwa nyumba hiyo hiyo, naandika kuhusu familia.

Kwa hiyo chuo kimwamuru Ba Allal afumbe macho saa za kazi. Ikishindikana, nipeleke kwenye nyaraka za kale. Wafu hawatanitangulia kujua habari za kwetu.

Nisalimie idara nzima, pamoja na mzee wa maktaba anayesinzia.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Batul Sqalli

Tanbihi: Leo asubuhi nilikanda mkate mmoja mwenyewe, nikauchanganya na ya Mama ili nimnase. Ba Allal aliutenga papo hapo. "Huu umekandwa na mtu ambaye akili yake haipo nyumbani. Lete na kesho, binti yangu, niuzoee mkono wako." Tafadhali usinihamishe. Sura itachelewa. Kesho ninakanda.