Kimya cha Clarisse Nilichokitafsiri

Jamani, leo nimejiaibisha maktabani. Mchana kweupe, kipaza sauti mkononi. Nawaandikia hata viatu sijavua.

Ngojeni nianze taratibu ili mnielewe. (Ndiyo, najua, napenda mno kueleza. Mtaona kueleza kulikonifikisha.)

Maktaba ya umma ya huku kwetu, kusini mwa Johannesburg, leo ilikuwa na sherehe ya vitabu kwa vijana. Maputo, juisi, viti vya plastiki, na vijana wamealikwa kusoma hadithi walizoandika wenyewe. Mmoja wao ni Clarisse, binti wa jirani yangu hapa mtaani kwetu La Rochelle. Clarisse amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mama yake ametoka Bukavu, Kongo, na anasuka nywele mjini. Kiingereza chake kinaishia saluni: rangi gani, urefu gani, kaa vizuri.

Mwezi huu wote Clarisse amekuwa akija kwangu jioni. Alitaka kuandika hadithi kwa Kiswahili na kuisoma mwenyewe mbele za watu.

"Kwa nini si Kiingereza?" nilimuuliza. "Maktaba nzima ingekuelewa."

"Nitawasomea hao baadaye, Anti. Kwanza nataka Mama asikie."

Hadithi yenyewe ni tamu. Mama mmoja anaamini bintiye hajui Kiswahili. Kwa hiyo kila jioni anampigia simu dada yake na kumwaga siri zote mbele ya mtoto. Siri kubwa kuliko zote ni kwamba ugali anaopika binti una madonge, haumezeki, ila mama anajilazimisha kuumaliza asije akamvunja moyo.

"Umetunga?" nilimuuliza.

"Kidogo," akasema, akiangalia dirishani.

Mwisho wa hadithi ni sentensi moja tu, ambayo binti anamwambia mama yake mezani. Nikamfundisha namna ya kuisoma. "Ukifika hapo, nyamaza. Vuta pumzi. Usiogope kimya, mwanangu. Waache watu wasogee mbele kwenye viti, ndipo useme." Akafanya mazoezi ya kunyamaza mbele ya kioo changu hadi kukamkaa.

Kumbukeni hilo. Kimya kile nilikifundisha mimi.

Sasa, wengine wenu mnajua kwamba Jumapili mimi ni mkalimani kanisani. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, mimi namgeuzia kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto kama Clarisse. Akipaza sauti, napaza. Akiruka, naruka. (Kwa umri wangu!) Kipaza sauti cha pili kiliharibika zamani, kwa hiyo tunagawana kimoja, na mwenye kukishika ni mimi. Akisema, kiko mdomoni kwake. Akinyamaza, kinarudi kwangu. Nimemzoea hivi kwamba siku nyingine namaliza sentensi kabla yake, naye ananitazama tu na kusema, "Amina."

Leo Clarisse alikuwa na karatasi mikono yote miwili. Sis Thandi, msimamizi wa maktaba, akaniambia, "Mama, msaidie tu kushika kipaza sauti." Kazi rahisi. Mtu yeyote angeiweza. Hata stendi ya chuma ingeiweza.

Mama Clarisse alikuwa mstari wa mbele. Ameomba ruhusa saluni, Jumamosi, siku ya wateja wote! Kitenge kipya, mkoba mapajani, hapepesi macho.

Clarisse akaanza. Mama yake akafunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akiongea Kiswahili kirefu namna ile. Mimi nilikuwa karibu kulia. Lakini kila Clarisse alipofika nukta, mkono wangu ulikuwa unawasha. Nikaubana.

Akafika mezani. "Binti akaweka kijiko chini. Akamtazama mama yake. Akafungua mdomo."

Akanyamaza.

Kimya kizuri! Watu wakasogea mbele kwenye viti, kama nilivyomwahidi.

Na mkono wangu ukarudi mdomoni kwangu.

Nawaapia, sikuutuma. Nikasikia sauti ya mwanamke ikinguruma kwa Kiingereza ukumbi mzima, binti akaweka kijiko chini, akamtazama mama yake, akafungua mdomo. Nikaweka na kijiko cha hewani. Na kwa kuwa hadithi naijua kwa moyo, sikusimama hapo. Nikapiga hatua mbele, nikanyoosha mkono kuelekea mstari wa kwanza, nikamaliza, "Mama, nilikuwa nasikia yote! Asante kwa kumaliza sahani!"

Ukumbi ukalipuka. Vicheko, makofi, miluzi. Kijana mmoja nyuma akaitikia, "Amina!" Watu wote wakageuka kumtazama Mama Clarisse, kwa sababu ndiye niliyemwonyesha kwa mkono.

Mtu mmoja tu hakuwa ameelewa neno. Mama wa watu akatazama kulia, akatazama kushoto, mkoba ameukumbatia.

"Banacheka nini?" akaniuliza. "Banacheka miye?"

Hapo ndipo nilipoamka.

Clarisse alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, sentensi yake imemkwama. Sis Thandi akaja taratibu akanitoa kipaza sauti mkononi, kidole baada ya kidole. "Eish, Mama," akasema. Kelele za makofi zikaendelea, wakadhani hadithi imekwisha, na wadogo wakakimbilia juisi.

Nilitamani rafu za vitabu zinifunike.

Clarisse hakulia. Alikunja karatasi zake, akashuka, akapita watu wote hadi kwenye kiti cha mama yake. Akachuchumaa. Akamnong'oneza sikioni. Kisha, mbele ya macho yangu, akanyamaza. Akavuta pumzi. Akamwacha mama yake asubiri. Ndipo akasema.

Sikusikia. Mwezi mzima nimengoja kusikia sentensi ile ikisemwa, na mkalimani mzima sikuambulia hata silabi. Niliona tu Mama Clarisse akishtuka, akimsukuma bega, akicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe ulikuwa unasikiaka! Na ile ya bugali?"

"Na ile ya ugali, Mama."

Niliwafuata mlangoni. "Clarisse, nisamehe mwanangu. Nimekuharibia."

"Sharp, Anti," akasema, yaani hakuna neno, lakini macho yalikuwa barabarani, kwenye robot, zile taa za magari. Wakavuka. Upande wa pili akageuka akaniita kwa sauti, kwa Kiswahili safi, ili nisipate kisingizio, "Lakini siku nyingine, Anti, kipaza sauti atashika Mama!"

Ni haki yake. Sina cha kujitetea.

Basi naomba msinicheke. Nanyamaza sasa. Na kimya changu, tafadhali, mtu asikitafsiri.